Matembezi ya Siku kwa Viatu vya Theluji: Maana Yake na Namna Yanavyofanyika

Matembezi ya siku kwa viatu vya theluji ni safari ya miguu ya majira ya baridi, aghalabu ya kundi dogo la marafiki, ambao huondoka asubuhi, hupita katika msitu au milima iliyofunikwa na theluji nene, na kurudi kabla ya giza kuingia. Kinachoyatofautisha na matembezi mengine ni chombo kinachofungwa chini ya kiatu cha kawaida cha baridi: fremu pana iliyowambwa utando, inayomwezesha mtu kukanyaga theluji laini bila kudidimia hadi magotini. Maelezo mengi hukipa chombo hicho nafasi yote. Kwa maoni yangu, maana kamili ya safari hii haipatikani bila kuwatazama pia wanaotembea pamoja, kwa kuwa zipo kazi ambazo kiatu hakiwezi kuzifanya.

Tuanze hata hivyo na kiatu. Aliyewahi kuvuka tope la mikoko maji yakiwa yamekupwa anaijua shida yenyewe, kwamba nguvu nyingi huishia katika kuung'oa mguu uliozama kuliko katika kusonga mbele. Chukua mtu mwenye uzito wa kilo 70. Soli ya kiatu chake ina eneo la takriban sentimita 300 za mraba, hivyo anaposimama kwa mguu mmoja kila sentimita ya mraba hubeba karibu gramu 230. Akifunga kiatu cha theluji chenye urefu wa sentimita 63 na upana wa sentimita 20, eneo hilo huzidi sentimita 1,000 za mraba na mgandamizo hushuka chini ya gramu 70. Bado atazama kidogo, hasa theluji ikiwa mpya na kavu, lakini hatua itashika. Kiatu hufungwa sehemu ya mbele ya mguu tu; kisigino huachwa huru kiinuke, na mkia wa fremu huburutika nyuma. Chini yake viatu vya siku hizi vina meno ya chuma yanayouma barafu kwenye mteremko.

Chombo hiki ni cha kale mno. Mwaka 2003 kiliokotwa kiatu cha theluji cha mti wa betula kwenye barafu ya milima ya Alpi, karibu na mpaka wa Italia na Austria, na vipimo vilionyesha kuwa kilitengenezwa kati ya miaka ya 3800 na 3700 kabla ya Kristo. Waliokiendeleza kuliko wote, hata hivyo, ni wenyeji wa asili wa Amerika ya Kaskazini, wakiwemo Wakri, Wainnu na Waalgonquin, ambao walipinda mbao kwa ustadi mkubwa na kuzisuka kwa kamba za ngozi mbichi, kila jamii ikichagua umbo linaloifaa theluji na ardhi yake. Kwao hakikuwa mchezo, bali njia ya kuwinda na kusafiri. Ni katika miaka ya 1840 ambapo wakazi wa Montreal, mji wa Kanada, waliunda vyama vya kutembea kwa viatu hivyo kama burudani, wakiupanda mlima Mont-Royal usiku kwa mwanga wa mienge.

Sasa tuje kwa wenzako wa safari. Theluji ikiwa haijakanyagwa, kazi nzito kuliko zote ni kufungua njia. Anayetangulia huishindilia kwa uzito wake, wa pili hupata mahali palipokwisha kushuka, na wa nne au wa tano hutembea karibu kama yuko barabarani. Kwa hiyo kundi lenye busara hupokezana: anayetangulia hujitenga pembeni kabla hajaishiwa pumzi, huwaacha wenzake wapite, kisha hujiunga mkiani. Ni kosa kumwachia mwenye nguvu zaidi atangulie siku nzima. Atawaacha wengine nyuma, naye atatoka jasho, na jasho ni hatari kubwa kuliko baridi yenyewe, kwa sababu nguo iliyolowa huupokonya mwili joto mara tu mtu anaposimama kupumzika. Ndiyo maana shati la pamba halifai. Huvaliwa sufu au kitambaa kinachokauka upesi, koti zito hubaki mkobani wakati wa kutembea, na mwendo hupimwa kwa yule wa polepole zaidi. Mwenzako akianza kutetemeka, kujikwaa na kutamka maneno kwa shida, yeye mwenyewe huenda asitambue kwamba mwili wake unapoteza joto. Wewe ndiwe unayepaswa kuliona hilo.

Mfano mzuri wa mahali pa kuanzia ni Hifadhi ya Gatineau katika jimbo la Québec, ng'ambo ya mto kutoka Ottawa, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 361. Ina njia zilizotengwa kwa viatu vya theluji na vibanda vyenye majiko ya kuni ambamo watu huota moto na kula walichobeba. Msemaji wa Kiswahili aliyehamia maeneo hayo anaweza kukodi viatu badala ya kununua. Akumbuke tu kutokanyaga michirizi iliyotengenezwa kwa ajili ya watelezaji wa skii. Mwishoni mwa Desemba jua huchomoza huko karibu saa 1:40 asubuhi na kuchwa mnamo saa 10:20 jioni, kwa hiyo saa ya kugeuza hukubaliwa kabla ya kuondoka, na kila mtu hubeba taa ya kichwani. Chupa ya maji huwekwa mdomo ukiwa chini, maana maji huanza kuganda juu, na simu hukaa karibu na mwili ili betri isiishiwe nguvu.

Katika milima mirefu, kama ile ya magharibi mwa Kanada, huongezeka jambo moja zito: maporomoko ya theluji, ambayo hutokea zaidi kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, na mara nyingi huanzishwa na wapitaji wenyewe. Huko kundi husoma taarifa ya hatari ya siku hiyo, yenye ngazi tano, kabla ya kuchagua njia. Kila mtu hubeba kifaa cha kutoa na kupokea mawimbi ya redio, fimbo ndefu ya kudungia theluji ili kumtafuta aliyefukiwa, na koleo, na wakilazimika kukatiza mteremko wenye shaka hupita mmoja mmoja huku wengine wakimtazama. Aliyefukiwa huwa na dakika chache tu za kuokolewa, na kwa kawaida wanaoweza kumfikia ndani ya muda huo ni wale alioondoka nao asubuhi.