Thaddeus Stevens: wakili aliyeanza kwa kumtetea mwenye mtumwa

Darasani, Thaddeus Stevens hutajwa kama mmoja wa vinara wa kukomesha utumwa Marekani. Mimi huanza na kesi aliyoshinda akiwa upande wa pili.

Sheria ya Pennsylvania ya mwaka 1780 ilimpa uhuru mtumwa aliyeletwa na bwana wake kutoka nje na kukaa jimboni miezi sita. Charity Butler, kutoka jimbo jirani la Maryland, alikuwa ameletwa huko mara kadhaa. Ukijumlisha siku zote, miezi sita ilishatimia. Stevens, wakati huo wakili kijana wa mji wa Gettysburg, alimtetea mwenye mtumwa kwa hoja nyembamba kama uzi: sheria inataka miezi sita mfululizo, si vipande vya kuunganishaunganisha. Mwaka 1821 Mahakama Kuu ya jimbo ilimkubalia. Charity na watoto wake wakarudi utumwani.

Wakili ni mtu wa kukodiwa, tutasema. Lakini baada ya kesi hiyo Stevens alihama upande, na safari hii hakurudi nyuma. Alianza kuwatetea watumwa waliotoroka. Mwaka 1838, alipokuwa mjumbe wa mkutano wa kuandika katiba mpya ya Pennsylvania, alikataa kuitia saini kwa kuwa iliwanyima watu weusi haki ya kupiga kura.

Alizaliwa Vermont mwaka 1792, mguu mmoja umepinda, baba akaitelekeza familia, mama akahangaika mpaka mtoto akasoma. Huenda ndiyo sababu aliipigania elimu kwa ukali ule. Mwaka 1835 Seneti ya Pennsylvania ilikwishapitisha kufuta sheria ya shule za bure, iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, maana walipa kodi walikuwa wamechachamaa. Stevens alisimama katika Baraza la Wawakilishi la jimbo akahutubia, na sheria ikanusurika.

Mwaka 1851 alikuwa miongoni mwa mawakili wa Castner Hanway, mzungu aliyeshtakiwa kwa uhaini baada ya watu weusi wa kijiji cha Christiana, Pennsylvania, kupambana na mwenye watumwa aliyewafuata watoro wake, na mwenye watumwa huyo akauawa. Baraza la wazee wa mahakama lilihitaji kama robo saa tu kumwachia Hanway.

Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe alikuwa Bungeni Washington, akiongoza kamati iliyotafuta fedha za kuviendesha. Mwaka 1863 majeshi ya Kusini, yaani ya majimbo ya watumwa yaliyojitenga, yalipovamia Pennsylvania yalikichoma kiwanda chake cha chuma.

Baada ya vita alitaka mashamba ya mabwana wakubwa wa Kusini yataifishwe, kila mwanamume aliyekuwa mtumwa apewe ekari 40. Alishindwa. Alichopata ni Marekebisho ya 14 ya Katiba, yanayompa kila mtu ulinzi sawa wa sheria, na hata hayo aliyaona mapungufu. Kwa nini basi aliyaunga mkono? Aliwajibu wabunge wenzake kwamba anaishi na wanadamu, si na malaika. Mtu aliyewahi kukaa kwenye kamati ya kuandika mswada atamwelewa.

Mwaka 1868, mgonjwa hajiwezi, alibebwa kwenye kiti kuingia Bungeni kumshtaki Rais Andrew Johnson ili aondolewe madarakani. Inasemekana aliwauliza vijana waliombeba: mkifa ninyi, nani atanibeba mimi? Johnson aliponea chupuchupu kwa kura moja. Stevens alifariki Agosti 11 mwaka huohuo.

Alikuwa ameshachagua kaburi Lancaster, mji alioishi tangu 1842, katika makaburi madogo yasiyobagua rangi. Kwenye jiwe aliagiza iandikwe kwamba hakupachagua hapo kwa kupenda upweke: makaburi mengine yalikuwa na kanuni za rangi, naye alitaka hata akifa aonyeshe usawa wa binadamu mbele ya Muumba wao. Kabla ya uchaguzi uliofuata, wanachama wa chama chake wilayani walimteua marehemu kuwa mgombea wao wa ubunge.