Je, wajua kwa nini kumnyang'anya mtoto simu hakukomeshi uonevu wa mtandaoni?

Mzazi akigundua kwamba mwanawe anatukanwa kwenye grupu la WhatsApp, mkono huenda kwenye simu kabla ya kwenda kwa mtoto. Simu inachukuliwa, grupu linafutwa, TikTok inaondolewa, na nyumbani kunatulia. Kule kwenye grupu hakuna kilichobadilika. Wanafunzi wenzake bado wamo, picha yake bado inazunguka, na shule zikifunguliwa yeye ndiye pekee darasani asiyejua amesemwa nini.

Watoto wanalijua hili mapema, ndiyo maana wengi wananyamaza. Utafiti wa Disrupting Harm, uliofanywa na UNICEF, ECPAT (mtandao wa mashirika yanayopinga unyonyaji wa kingono wa watoto) na Interpol katika nchi kadhaa zikiwemo Kenya, Tanzania na Uganda, uliangalia unyanyasaji wa kingono wa watoto mtandaoni. Ulikuta kwamba wengi waliodhuriwa hawakumwambia mtu, kwamba wachache mno walifika polisi au kupiga simu ya msaada, na kwamba mara nyingi aliyewadhuru ni mtu wanayemfahamu. Kwa matusi na kejeli za kawaida, hesabu ya mtoto ni ile ile: nikisema, nitaadhibiwa mimi. Kwa binti wa kidato cha pili ambaye marafiki zake wote anawapata kwa simu, kunyimwa simu ni kutengwa mara ya pili.

Tazama jinsi stika inavyofanya kazi. Mtu anakata uso wa mwenzake kutoka kwenye picha ya darasa, anaandika juu yake neno la kejeli, anaituma kwenye grupu. Kila anayeigusa anaweza kuihifadhi, na tangu hapo inakaa kwenye simu yake. Admini akiifuta grupuni, nakala zilizohifadhiwa zinabaki. Kesho inatokea kwenye grupu la mtaa au la kwaya, na watu wasiomjua kabisa mwenye uso ule wanaitumia kuchekea jambo lingine. Hakuna kitufe cha kuirudisha. Kinachoweza kuisimamisha ni wanaoituma wenyewe kuacha, na ili waache lazima ijulikane nani aliianzisha na nani anaisambaza. Habari hiyo iko ndani ya simu ile ile ambayo mzazi amekwisha kuifuta kila kitu.

Kwa hiyo mzazi, mlezi, au shangazi uliyepewa siri hii, anza hivi: "Mwanangu, simu sikunyang'anyi. Nionyeshe walichoandika, tutazame wote." Kisha utimize. Swali la "wewe uliwafanya nini?" liache kwanza, hata kama naye alijibu matusi, utayaona kwenye mazungumzo. Usijibu grupu kwa simu ya mtoto, na kwa sauti ndiyo kabisa. Ujumbe wa sauti wa mama anayefoka husambazwa ndani ya dakika chache, na mtoto anarudi shuleni akiigwa sauti ya mama yake.

Ushahidi ukusanywe siku hiyo hiyo, kwa sababu unayeyuka. WhatsApp inampa aliyetuma ujumbe takribani siku mbili na nusu za kuufuta kwa wote, na dakika 15 za kuuhariri. Status hutoweka baada ya saa 24. Kama grupu limewekewa ujumbe unaojifuta, muda unaweza kuwa saa 24, siku 7 au siku 90. Picha ya kutazamwa mara moja haikubali skrinshoti, kwa hiyo ipige kwa simu nyingine kabla mtoto hajaifunga. Snapchat nayo humjulisha aliyetuma kwamba umepiga skrinshoti. Huko pia tumia simu ya pili.

Skrinshoti nyingi zinazoletwa shuleni au polisi hazifai, na kasoro ni ile ile: zinaonyesha tusi lakini hazionyeshi mtu. Jina "Bestie" lililo juu ya mazungumzo halithibitishi lolote, maana mwenye simu ndiye aliyeliandika. Fungua wasifu wa mtumaji hadi namba ionekane, upige skrinshoti hapo pia. Tarehe na saa zionekane. Chukua na ujumbe kadhaa wa kabla na wa baada, ili asije mtu akadai maneno yamekatwa. Fungua ukurasa wa maelezo ya grupu, upate jina lake, maadmini na orodha ya wanachama. Kwa TikTok na Instagram nakili linki ya akaunti na ya video yenyewe, kwani jina la juu hubadilishwa wakati wowote. Mwisho, ndani ya mazungumzo ya WhatsApp tafuta Export chat: inatoa faili la maandishi lenye mazungumzo, kila ujumbe ukiwa na tarehe na saa. Jitumie kwa barua pepe yako. Skrinshoti nazo zihamishie kwako na uziondoe kwenye galari ya mtoto. Hana sababu ya kukutana nazo kila anapotafuta picha.

Baada ya hapo ripoti, kisha mzuie mtumaji. Mpangilio huu ni muhimu kuliko unavyoonekana. Unaporipoti mtu WhatsApp, kampuni hupokea ujumbe tano za mwisho alizokutumia, na mwenyewe haarifiwi. Lakini kwenye kisanduku cha kuripoti kuna mahali pa alama ya kuzuia na kufuta mazungumzo. Alama hiyo ikiwepo nawe ukabonyeza bila kusoma, mazungumzo yote yanaondoka. Itoe kwanza. Kutoka kwenye grupu kusikutishe: siku hizi mtu akitoka, wanaoarifiwa ni maadmini tu. Instagram ina kitufe cha Restrict, kinachofaa pale mtoto anapoogopa kwamba kumzuia mwenzake kutachochea ugomvi zaidi. Aliyewekewa hajui, maoni yake anayaona yeye peke yake, na ujumbe wake unaingia kwenye maombi.

Yote hayo ni kwa matusi, uzushi na kejeli. Picha za utupu au za kingono za mtoto ni jambo jingine kabisa. Hapo usipige skrinshoti, usizitume kwa mwalimu, wala kwa mjomba ili "aone". Kusambaza picha kama hizo ni kosa zito la jinai, na kila nakala ni madhara mapya kwa mtoto. Andika kwenye karatasi akaunti, namba, linki, tarehe na saa, kisha uipeleke simu polisi kama ilivyo. Akitishiwa kwamba zitasambazwa asipotuma pesa, asitume. Anayelipwa mara moja hurudi kudai tena. Ipo pia huduma ya bure iitwayo Take It Down, ya NCMEC, kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na wanaonyonywa, kwa picha zilizopigwa mtu akiwa chini ya miaka 18. Inatengeneza alama ya kidijitali ya picha ndani ya simu yako, picha yenyewe haitumwi, na kampuni zilizojiunga, zikiwemo Facebook, Instagram na TikTok, huitumia alama hiyo kuitafuta na kuiondoa. Mazungumzo yaliyofichwa kwa usimbaji, kama ya WhatsApp, haiyafikii.

Wakiwa ni wanafunzi wenzake, nenda shuleni kwa barua na nakala zilizochapishwa, siyo kwa simu tu. Shule nyingi hujibu kwamba wanafunzi hawaruhusiwi simu shuleni, kwa hiyo yaliyotokea likizo hayawahusu. Yanawahusu: wahusika wamekaa darasa moja. Omba mambo mahususi, kama wazazi wa walioanzisha kuitwa kila mmoja peke yake, stika na picha kufutwa mbele ya wazazi hao, na mwalimu mmoja wa kumfuatilia mtoto kila wiki. Kataa kabisa jambo lisemwe paredi, hata bila kutaja jina; kila mtu atajua ni nani. Kataa pia kuwaketisha wote ofisini wapeane mikono. Aliyeonewa na grupu zima hawezi kusema ukweli akiwa amekaa mbele yao, na akitoka nje ataulizwa kwa nini amewasemea.

Kuna kinga ambayo hupotea siku ile akaunti inapofunguliwa kwa tarehe ya kuzaliwa ya uongo. TikTok, Instagram, Facebook na Snapchat zote zinataka mtumiaji awe ametimiza miaka 13. TikTok huifanya akaunti ya mwenye miaka 13 hadi 15 kuwa ya faragha tangu mwanzo, na ujumbe wa moja kwa moja haupo kwa walio chini ya 16. Instagram nayo ilianza kuweka akaunti za vijana Septemba 2024, zenye vizuizi kama hivyo. Mtoto aliyeandika kwamba alizaliwa 1999 anahesabiwa mtu mzima, kinga hizo zote hazimgusi. Fungua mipangilio ya akaunti yake mwangalie tarehe pamoja. Kama umri wake unaruhusu, ni heri akaunti mpya yenye tarehe ya kweli. Kwenye WhatsApp ingia mipangilio ya faragha, sehemu ya makundi, uchague watu walio kwenye orodha yake ya namba tu, ili mgeni asimwingize kwenye grupu.

Mtoto akikosa usingizi, akikataa shule au kuacha kula, piga 116, simu ya watoto, bure, usiku na mchana, Tanzania na Kenya. Akitaja kufa, hata kwa mzaha, usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyo.

Sheria ipo. Tanzania, kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinakataza kumtumia mtu mawasiliano kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumsababishia maumivu ya moyo. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Kenya, kifungu cha 27 cha sheria ya makosa ya kompyuta na mtandao ya 2018 kinafika miaka 10 jela au faini ya shilingi milioni 20. Ni adhabu nzito, kwa hiyo kwa ugomvi wa wanafunzi anza na shule na wazazi. Vitisho vya kuumiza, kudai pesa, picha za utupu, au mtu mzima anayemwandama mtoto, hayo yaende polisi moja kwa moja. "Namba isiyojulikana" isikukatishe tamaa: laini husajiliwa, na polisi wanaweza kuuliza kampuni ya simu, jambo ambalo wewe huwezi.

Kituoni Tanzania ulizia Dawati la Jinsia na Watoto. Nenda na simu yenyewe ikiwa na chaji, usiifute irudi kama mpya wala kuiuza hadi shauri liishe, kwa kuwa mahakama hutaka kujua ushahidi wa kielektroniki umetoka kwenye kifaa gani na umetunzwaje. Kenya, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka hati inayoeleza hivyo, kwa hiyo andika mapema nani alipiga skrinshoti, lini, na kwa simu gani. Usitoke kituoni bila namba ya RB, au OB kwa Kenya, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Ndiyo utakayoitaja kila unaporudi kuulizia jalada limefikia wapi.