Jiwe la kahawia ninalolipenda kuliko la bluu

Biashara ya vito ni biashara ya macho. Hapa Arusha tanzanaiti huulizwa maswali mawili kabla ya yote: bluu yake imekolea kiasi gani, na ndani ni safi kiasi gani. Bei inafuata hapo. Mimi ni mtaalamu wa vito, kazi yangu ni kutambua na kupima mawe ya watu, na sitasema uzuri huo ni wa bure. Tanzanaiti iliyokatwa vizuri, ukiiweka dirishani asubuhi, inaweza kumnyamazisha hata dalali. Lakini ukiniambia nichague jiwe moja la kubaki nalo mezani, nitachukua la kahawia, lile ambalo halijachomwa.

Niliseme hili mapema maana wateja wengi hawaambiwi: tanzanaiti za dukani karibu zote zimepita kwenye joto. Nyingi hutoka ardhini Mirerani zikiwa na rangi ya chai ya rangi iliyokaa sana kwenye birika. Zinawekwa kwenye tanuri, nyuzi 500 hadi 600 hivi za Selsiasi, zikitoka ni bluu, na bluu hiyo haichuji. Si utapeli. Soko zima linajua na linakubali, ingawa ningependa muuzaji amwambie mteja bila kuulizwa.

Kijana mmoja anayefanya udalali aliniletea vipande vya namna hiyo, amevifunga kwenye karatasi. "Mama, hivi si ni vya kuchoma tu? Hapa kuna nini cha kuangalia?"

"Kaa kwanza, mwanangu. Shika hii."

Nilimpa daikroskopu, kibomba kidogo kama kidole, ndani kina kipande cha kalsaiti. Kalsaiti huugawa mwanga uliopita kwenye jiwe mara mbili na kukuonyesha sehemu hizo kando kwa kando, kwenye vidirisha viwili. Akashika kipande kimoja mbele yake, akafumba jicho moja, akaelekeza dirishani. Kidirisha kimoja kilikuwa bluu, cha pili njano ya kahawia. Nikamwambia aligeuze jiwe taratibu. Bluu ikabaki, ile njano ikaondoka, na mahali pake ikaingia zambarau inayovuta kwenye wekundu.

"Mama, haya ni mawe mangapi?"

Ni moja. Tanzanaiti ni aina ya madini yanayoitwa zoisaiti, na chembe zake zimejipanga kwa mpangilio usiofanana katika pande tatu: urefu, upana na kimo. Mwanga unaotikisika kuelekea upande mmoja hunyonywa tofauti na ule unaotikisika kuelekea upande mwingine, ndiyo maana kila upande una rangi yake. Jicho tupu linazichanganya zote na kuita mchanganyiko huo kahawia. Mkataji mzuri anajua hili kwa mikono hata kama hajui fizikia yake. Jiwe lilelile akiliweka hivi kwenye gurudumu, uso wake unatoka bluu, akiligeuza unatoka zambarau, na mara nyingi upande wa bluu ndio unaomlazimisha apoteze uzito mwingi zaidi.

Yule kijana alienda akavichoma vipande vyake, na alifanya vizuri, ana kodi ya nyumba. Ila joto likishapita, ile rangi ya tatu inaondoka na zinabaki bluu na zambarau. Duka limepata, mimi nimepungukiwa.

Na rangi yenyewe inatoka wapi? Kwenye vanadi, aina ya metali, kiasi kidogo mno, iliyokaa mahali ambapo alumini ilipaswa kukaa. Hapa ndipo napenda kusimama kidogo. Miamba ya Mirerani imejaa kinywe, na kinywe ni kaboni. Miamba hiyo ilianza kama tope la chini ya bahari lenye mabaki ya viumbe vidogo vya kale, na tope la aina hiyo ndilo linalopenda kukusanya vanadi. Baadaye mabara yaligongana, tope likazikwa, likakandamizwa na kupashwa joto, na fuwele zikakua kwenye nyufa. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka milioni 585 hivi. Kilimanjaro, ambao wachimbaji wanauona wakitoka shimoni siku isiyo na mawingu, haujafikisha miaka milioni 3. Mimi nikiona pete ya tanzanaiti kidoleni mwa bibi harusi, nawaza tope. Mume wangu ananiambia nisilitaje ukumbini.

Katika miamba hiyohiyo ya Mirerani kuna ganeti ya kijani, kito kingine, na kijani chake pia ni kazi ya vanadi. Chembe ileile, ikibadilishiwa majirani, inanyonya sehemu nyingine ya mwanga. Ukilijua hilo, swali la "ipi ni nzuri zaidi" linapoa, unabaki unajiuliza majirani hao wamepangwaje.

Elimu hii ina matumizi pia. Kioo cha bluu kinaweza kupendeza kuliko tanzanaiti hafifu, lakini kwenye daikroskopu vidirisha vyote viwili vinatoa rangi moja, maana ndani ya kioo hakuna mpangilio. Usikimbilie kuhukumu, hata hivyo. Ganeti nayo hutoa rangi moja na ni kito halali, kwa sababu mpangilio wake unafanana pande zote. Fosteraiti, jiwe linalotengenezwa maabara na kuuzwa kwa jina la tanzanaiti, ndiyo inayosumbua zaidi, kwani na yenyewe inaweza kutoa rangi mbili. Hiyo ishikie lenzi ya kukuza mara kumi, uchungulie kupitia uso wa juu hadi kwenye kingo za nyuma. Zikionekana mbilimbili, kila mstari na pacha wake, mrudishie aliyekuletea.