Huduma za kumwezesha mzee kuishi kwake: maana yake ni nini hasa

Chukua mfano wa bibi wa miaka 78 huko Mvumi, wilayani Chamwino, mkoani Dodoma. Anaamka mwenyewe, anaoga mwenyewe, anasonga ugali wake wa uwele na kuupikia mlenda, na kuku wake anawajua mmoja mmoja. Kilichomshinda ni kitu kimoja: dumu la maji. Bomba liko mbali, na dumu la lita 20 likijaa lina uzito wa kilo 20. Wanawe walioko mjini wameshaanza kuambiana kwenye simu kwamba mama hawezi tena kukaa peke yake, wamlete Ipagala akae chumba cha uani. Lakini ukitulia ukatazama, huyu mama hajashindwa kuishi peke yake. Ameshindwa kubeba maji, basi. Kijana wa jirani mwenye punda akimshushia madumu mawili kila baada ya siku moja, na mjukuu mmoja akayamimina kwenye ndoo ndogo anazoweza kuinua, bibi anabaki kwake na kuku wake.

Huyo kijana wa punda ndiye mwanzo wa dhana hii. Huduma za jamii za kumwezesha mzee kuishi nyumbani ni misaada midogo ya mara kwa mara, inayomfikia pale anapoishi, kutoka kwa watu au taasisi zilizo karibu naye, ili kuziba yale tu yaliyomshinda. Neno la kushikilia hapo ni "tu". Anachoweza anaachiwa akifanye.

Kwa Tanzania, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mtu kuwa mzee akifikisha miaka 60. Wengi wa umri huo hawahitaji msaada wowote. Ndio wanaolima, wanaolea wajukuu, na ndio wanaotoa msaada kwa wengine. Kwa hiyo huduma hizi hazifuati umri, zinafuata uwezo.

Hapa kuna neno linalowachanganya watu: kujitegemea. Wengi wanadhani ni kutomhitaji mtu. Sasa huku Ugogo, nchi ya Wagogo, ni nani aliyewahi kuishi hivyo? Shamba lililimwa kwa kualikana, mwenye shamba akaandaa pombe, majirani wakaja na majembe. Tembe ilijengwa na kupakwa udongo kwa mikono ya wengi, na hakuna aliyesema mwenye nyumba hajitegemei. Alijitegemea kwa sababu nyumba ilikuwa yake na neno la mwisho lilikuwa lake. Kwa mzee ni hivyo hivyo: anajitegemea maadamu yeye ndiye anayeamua alale saa ngapi, nani aingie ndani, mbuzi yupi auzwe na lini. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu wazee, zilizopitishwa mwaka 1991, zinaweka kujitegemea katika sehemu ya kwanza kabisa, na ndani yake kuna kauli kwamba mzee aweze kuishi nyumbani kwake kwa kadiri itakavyowezekana.

Utajuaje kipi kimemshinda? Wataalamu wa Marekani walilipa swali hili umbo tunaloweza kulitumia hata Bahi au Mpwapwa. Mwaka 1963 daktari Sidney Katz na wenzake walitoa kipimo chenye mambo sita ya mwili: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuinuka kitandani au kitini, kudhibiti haja, na kula. Mwaka 1969 Lawton na Brody wakaongeza mambo ya kuendesha maisha: kutumia simu, kwenda sokoni, kupika, kusafisha nyumba, kufua, kusafiri, kunywa dawa kwa utaratibu, na kushika fedha. Kwa kawaida haya ya pili ndiyo yanayotangulia kuponyoka, kabla ya yale ya mwili. Mzee anaanza kushindwa safari ya mnadani wakati bado anaoga na kuvaa bila shida. Kosa letu kubwa ni kuona moja la kundi la pili limeanguka tukamtendea kama aliyeangusha yote.

Nianze na choo, kwa sababu hakizungumzwi. Vyoo vyetu vingi ni vya kuchuchumaa, viko uani, na mara nyingi havina taa. Magoti ya miaka 75 hayachuchumai. Mzee anapoogopa choo anapunguza kula na kunywa maji ili asiende mara kwa mara. Anadhoofika, na familia inadhani ni uzee. Dawa yake ni fundi seremala: kiti imara cha mbao kilichotobolewa katikati, kikakaa juu ya tundu, na nguzo mbili za kushikia zilizochimbiwa pembeni. Taa ya sola ya kutembea nayo usiku. Kwa asiyeona, kamba iliyofungwa kutoka mlangoni hadi chooni, aishike na kuifuata. Kizingiti kirefu kikasawazishwa. Gharama yake familia nyingi zinaimudu zikichangishana, na inakinga kuanguka, ambako ndiko kunakowavunja wazee nyonga na kuwalaza. Katika huduma zote, hii ya kurekebisha nyumba ndiyo ninayoona inapuuzwa kuliko inavyostahili. Paa nalo lisisahaulike: kwenye nyumba ya udongo, mtu wa kulikarabati aje Oktoba au Novemba, kabla mvua za Desemba hazijaanza.

Macho nayo. Kanda hii imesumbuliwa miaka mingi na trakoma, ugonjwa tunaouita vikope, na Kongwa ni kati ya sehemu zilizofanyiwa utafiti mwingi kuhusu ugonjwa huo. Ukikomaa, kope hugeukia ndani na kukwangua jicho. Kuna pia mtoto wa jicho, unaoweza kuondolewa kwa upasuaji usiochukua muda mrefu. Nimeona familia zikimwongoza mzee kwa fimbo miaka na miaka kwa upendo mkubwa, wakati huduma aliyoihitaji zaidi ni safari moja ya kwenda hospitali yenye kliniki ya macho, na mtu wa kukaa naye siku mbili tatu baada ya upasuaji. Usafiri na msindikizaji ni huduma kamili. Kule hospitali, dirisha la wazee linampunguzia foleni, na sera ya afya ya mwaka 2007 imewaondolea malipo wazee wasio na uwezo. Lakini dirisha halimfuati mtu Chemba. Mwenye bajaji au bodaboda anayekubali kwenda taratibu na kumngoja mzee hadi amalize ana nafasi kubwa kuliko anavyodhani.

Dawa za presha na sukari zinahitaji jicho la mtu wa karibu, maana zinanywewa hata siku ambayo hujisikii kuumwa, na wengi huziacha siku hiyo hiyo. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayepita nyumba kwa nyumba anaweza kuangalia kama vidonge vinapungua inavyotakiwa. Mwaka 2024 serikali ilizindua mpango mpya wa kuongeza na kufundisha wahudumu hawa nchini, na kwa wazee wa vijijini ni habari kubwa.

Fedha inataka uangalifu wa aina yake. Kaya maskini zilizo kwenye mpango wa TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, hupata ruzuku, na malipo mengine siku hizi huja kwa simu. Mzee asiyesoma ujumbe anampa mjukuu simu na namba ya siri, na kuanzia hapo fedha si yake tena, hata mjukuu akiwa mwema. Msaada unaofaa ni kwenda naye kwa wakala, fedha ihesabiwe mbele yake na iingie mkononi mwake. Mtu wa pili katika familia ajue kiasi kilichokuja. Visiwani Zanzibar, tangu Aprili 2016 kila mzee aliyefikisha miaka 70 amekuwa na pensheni ya serikali, iliyoanza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Huku bara pensheni ni ya waliochangia mifuko kazini, kwa hiyo mkulima wa uwele hana, na majirani zake ndio wanaoziba.

Na mazungumzo? Kumtembelea mzee, kumwamkia shikamoo, au mbukwenyi kama ni Mgogo, kukaa nusu saa kumsikiliza habari za mvua za zamani, ni huduma pia. Anayetembelewa kila siku, siku asipofungua mlango mtu atajua kabla ya saa nne asubuhi. Jumuiya ndogo ndogo za kanisa, waumini wa msikiti wa mtaani na vikundi vya kuweka na kukopa vya VICOBA tayari vinafanya hivi kwa wagonjwa na waliofiwa. Kinachokosekana ni zamu: nani Jumatatu, nani Alhamisi. Bila zamu, wote wanakwenda Jumapili na siku nyingine mzee anakaa na ukuta.

Sera ya 2003 inaitambua familia kuwa msingi wa matunzo ya wazee, na makao ya wazee kuwa mahali pa asiye na mtu. Makao hayo yapo, kwa mfano Sukamahela wilayani Manyoni, na wanaoishi humo wanastahili heshima yote. Ila kati ya familia na makao kuna nafasi pana, na ndiyo inayojazwa na huduma hizi. Familia peke yake mara nyingi maana yake ni binti mmoja: yeye ndiye anayeamka usiku, anayefua, anayeacha biashara yake ya mboga pale Majengo. Mtu akimshika mzee Jumamosi moja ili binti apumzike, huyo naye ametoa huduma kwa mzee.

Kuna hatari ya upande wa pili. Kijana anayemnyang'anya bibi mwiko kwa huruma anamfundisha mikono yake kusahau. Misuli isiyotumika huisha upesi uzeeni, na akili isiyoulizwa kitu hunyamaza. Mwachie achambue mlenda hata kama itamchukua saa nzima.

Upo pia wakati nyumbani peke yake hakutoshi. Mzee anayesahau moto jikoni, anayepotea njia ya kurudi kutoka kwa jirani, au anayeanguka mara kwa mara anahitaji mtu wa kulala naye nyumba moja na kumpeleka kupimwa, kwa sababu usahaulifu mwingine unatokana na maradhi yanayotibika. Kumwacha hapo kwa jina la kujitegemea ni kumtelekeza.

Anayetaka kuanza, iwe Nkuhungu au Kondoa, aende kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji aulize mambo matatu: jina la mzee limeandikishwa kwa ajili ya matibabu bila malipo? Mhudumu wa afya wa eneo hilo ni nani? Baraza la wazee linakutana lini? Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri naye ana wajibu wa kusikiliza, hasa panapokuwa na dalili kwamba mzee ananyanyaswa au kiwanja chake kinanyemelewa.

Lakini kabla ya kwenda ofisini, kaa na mzee siku nzima, kuanzia alfajiri. Tazama anaposimama anashika nini, maji anayatoa wapi, chakula cha jioni anakila au anakifunika. Kisha muulize yeye mwenyewe: babu, ni kitu gani siku hizi kimekuwa kigumu? Huenda akataja jambo ambalo hukuliwaza kabisa, pengine kutunga uzi kwenye sindano, au mlango wa banda la kuku ambao komeo lake limelegea. Andika hilo liwe la kwanza, na ukitoka hapo mtafute fundi.