Chotara si GMO, na GMO inaota

Wakala wa pembejeo, mtu anayeuza mbegu kila msimu, amenitumia picha ya mfuko wa mahindi chotara. "Mtaalamu, hizi si ndizo GMO?" Yaani mbegu zilizopachikwa jeni maabara. Kabla yake niliulizwa nyanya zisizooza haraka, na kabla ya nyanya tikiti lisilo na mbegu. Nimechoka. Naandika hapa, nyingine mtakuwa mnatumiana wenyewe.

Chotara, yaani mtoto wa mistari miwili tofauti ya mahindi, anatengenezwa shambani, juani, kwa mikono. Tunapanda mistari ya jike na ya dume. Mbelewele za jike zikianza kuchungulia, vibarua wanapita kuzing'oa kabla hazijamwaga chavua, ili ndevu za jike zipokee chavua ya dume peke yake. Ukizembea siku mbili, jike limejichavusha na mkaguzi wa TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, analikataa shamba. Hakuna jeni ya kupachikwa hapo. Tikiti lisilo na mbegu nalo si GMO, lina tu seti tatu za kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni) badala ya mbili. Ndizi za Bukoba nazo zina tatu, na sijaona Mhaya akizikimbia.

Tena Tanzania hakuna zao la GMO lililoruhusiwa kuuzwa kama mbegu. Majaribio ya mahindi ya GMO pale Makutupora, Dodoma, yalianza 2016, na mwanzoni mwa 2021 serikali ikayafunga. Mwenye duka aogope zaidi mahindi ya kula yaliyopakwa rangi na kutiwa kwenye mfuko wa mbegu.

GMO yenyewe, tuseme mahindi ya Bt, imepachikwa jeni ya bakteria wa udongoni, Bacillus thuringiensis. Protini yake inatoboa utumbo wa kiwavi. Tumbo lako lina asidi na halina vipokezi vya protini hiyo. Nimemaliza.

Sasa linaloniudhi: "Mbegu za GMO hazioti, tutakuwa watumwa." Teknolojia ya kuzifanya zisiote ipo kwenye hataza (haki ya kumiliki uvumbuzi) ya Marekani ya 1998. Mwaka uliofuata Monsanto, kampuni kubwa ya mbegu, ikaahidi kutoiingiza sokoni, na mpaka leo haijauzwa popote. Kinachowachanganya watu ni chotara: ukipanda tena punje ulizovuna zinaota vizuri kabisa, ila kizazi cha pili jeni zinagawanyika, shamba linakuwa la warefu na wafupi, na mavuno yanashuka. Kinachomzuia mkulima kurudia mbegu ya GMO ni hataza na mkataba. Ukitaka kugombana na mkataba, nipo upande wako.

Na kuota huko ndiko kunakoninyima usingizi. Afrika Kusini walianza kulima mahindi ya Bt mwishoni mwa miaka ya 1990. Kufikia 2007 bungua wa mabua aliyezoea sumu hiyo alikuwa ameripotiwa. Mahindi hayo yalikuwa na jeni moja tu ya sumu, na wakulima wengi walipuuza sharti la kupanda kando mahindi ya kawaida, ambamo bungua wasio na usugu wanabaki hai ili wapandane na sugu wachache na usugu usisambae. Mtu wa hekta mia anaweza kulitimiza. Mwenye ekari moja, mguu wa jirani uko kwenye mpaka wake, utamwambia atenge sehemu ya shamba alishe wadudu? Nimesikia hoja kwamba mahindi ya jirani yatatosha. Siiamini sana. Jirani anahifadhi mbegu, chavua inaruka, baada ya misimu michache gunzi moja lina punje zenye Bt na zisizo nayo, na kiwavi anahama kutoka punje hadi punje akionja sumu kidogo kidogo. Kama ningetaka kumfuga mdudu sugu, ningefanya hivyo hivyo. Kuweka jeni mbili za sumu tofauti kunasaidia, kwa muda.

Faida zipo, sizikatai. Burkina Faso pamba ya Bt ilishusha upuliziaji kutoka mara sita hadi mbili kwa msimu, na anayebeba bomba mgongoni anajua maana yake. Lakini 2016 kampuni za pamba za huko zikaanza kuiacha, kwa sababu nyuzi zilikuwa fupi kuliko za pamba yao ya zamani na bei ikaumia. Jeni ilifanya kazi yake barabara. Lawama nyingi ziliangukia namna ilivyohamishiwa kwenye aina za pamba za pale. Yaani kazi yetu sisi wazalishaji mbegu.