Kupandikizwa jino si kubandikwa jino

Juzi ndani ya daladala dada mmoja alikuwa akilalamika kwenye simu: mama yake kalipia "kubandikwa jino", halafu karudi nyumbani na pengo lake vilevile. "Wamemwibia mama," akasema. Nilitamani kumgeukia, maana kilichomvuruga ni neno moja tu.

Jino la kupandikiza ni skrubu ndogo, mara nyingi ya titaniamu, inayozamishwa kwenye mfupa wa taya ili ishike nafasi ya mzizi. Jino lenyewe hufungwa juu yake baadaye.

Tuje kwenye kitenzi. Kubandika ni kuweka kitu juu ya kingine: tangazo ukutani, stempu kwenye bahasha, sufuria jikoni. Ukishabandika umemaliza, na ukitaka unabandua. Meno ya kuvaa, yale yanayolala kwenye glasi ya maji, hayo sawa, yamebandikwa. Lakini kupandikiza kumetoka kwenye kupanda, huko shambani. Unang'oa mche kitaluni, unauchomeka kwenye tope, unausubiri ushike. Mkulima wa mpunga kule Mbarali hapandikizi leo akaenda na mundu wiki ijayo.

Na mfupa nao hushika, kweli kabisa. Miaka ya 1950 Mswidi Per-Ingvar Brånemark alikuwa ameweka vifaa vya titaniamu kwenye mifupa ya sungura kwa utafiti mwingine. Alipotaka kuvitoa, havikutoka. Mfupa ulikuwa umevikumbatia. Mwaka 1965 akampandikizia mgonjwa wa kwanza.

Ndiyo maana siku ya kwanza ni sindano ya ganzi, fizi kupasuliwa na mfupa kutobolewa (unasikia mtikisiko wa keekee kuliko maumivu), kisha siku kadhaa za uvimbe na uji. Baada ya hapo ni kusubiri, kwa kawaida miezi 3 hadi 6. Wengine hupewa jino la muda la kuzibia pengo, wengine hapana. Taya lililosinyaa kwa kukaa bila jino miaka mingi huenda likahitaji kuongezewa mfupa kwanza. Sigara, na kisukari kisichodhibitiwa, huweza kuuzuia mche kushika.

Kwa hiyo, dada yangu, huenda mama hajaibiwa. Ukifika nyumbani usimwulize jino liko wapi. Mwulize daktari kamwambia arudi lini skrubu ikaguliwe kama imeshika.