Kodi Mahsusi ya Zimamoto na Huduma za Dharura: Maana Yake na Sababu ya Kuiunga Mkono

Kodi mahsusi ya zimamoto na huduma za dharura ni kodi inayotozwa wakazi wa eneo lenye mipaka inayojulikana, kama mji au wilaya moja, kwa ajili ya kazi moja tu: kuanzisha na kuendesha huduma ya zimamoto, uokoaji na magari ya wagonjwa katika eneo hilohilo. Fedha zake hufungwa kisheria, kwa maana kwamba haziwezi kuhamishiwa kwenye posho, semina au ujenzi wa jengo la utawala hata kama mahitaji hayo ni ya kweli. Katika nchi zilizoizoea, hasa Marekani, kodi hii huwa na sifa ya ziada, nayo ni kwamba kwa kawaida haianzishwi wala kuongezwa kupita kiwango kilichowekwa mpaka wakazi wenyewe wapige kura ya ndiyo au hapana.

Tanzania hatupigi kura ya namna hiyo. Ibara ya 138 ya Katiba inasema kwamba hakuna kodi itakayotozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge, na mwananchi hushiriki kupitia mbunge na diwani wake. Hata hivyo dhana hii inatuhusu sana sisi wakazi wa Dar es Salaam, jiji ambalo Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 ndani yake, na ninaieleza nikiwa na msimamo. Naamini kwamba kodi ya aina hii, ikiwekewa masharti yake kamili, inastahili kuungwa mkono na kila mwenye nyumba, mpangaji na mfanyabiashara wa jiji hili.

Tuanze na namna inavyofanya kazi huko ilikozoeleka. Katika jimbo la Ohio, kodi hii hukokotolewa kwa kipimo kiitwacho mili, ambacho ni dola 1 kwa kila dola 1,000 za thamani ya nyumba inayotozwa kodi. Thamani inayotozwa kodi ni asilimia 35 tu ya thamani ya sokoni, kwa hiyo nyumba ya dola 200,000 huhesabiwa kuwa ya dola 70,000, na mili moja ya zimamoto humgharimu mwenye nyumba hiyo dola 70 kwa mwaka. Mpiga kura hupewa swali linalotaja kiwango, kazi itakayofanywa na idadi ya miaka. Katika jimbo la Washington, kodi ya huduma za matibabu ya dharura ina kikomo cha senti 50 kwa kila dola 1,000, na inaweza kuidhinishwa kwa miaka 6, kwa miaka 10 au kwa kudumu. California ni wagumu zaidi: tangu wapiga kura wa jimbo hilo walipopitisha mabadiliko ya katiba yao mwaka 1978, kodi mahsusi inayopelekwa kwao na serikali ya mtaa huhitaji theluthi mbili ya kura.

Ukomo wa muda ndio sehemu ninayoipenda kuliko zote. Kodi ikiisha baada ya miaka kadhaa, kikosi kinalazimika kurudi kwa wananchi na kueleza magari yaliyonunuliwa, askari walioajiriwa na muda uliotumika kufika kwenye matukio, kisha kuomba upya. Jambo jingine linalostahili kufahamika ni kwamba katika majimbo kama Washington na California, idara ya zimamoto yenyewe hairuhusiwi kutumia fedha au vifaa vya umma kupiga kampeni ya kodi hiyo. Idara hutoa takwimu na kujibu maswali. Kazi ya kugonga hodi nyumba kwa nyumba na kuwaomba watu wapige kura ya ndiyo hufanywa na kamati za wananchi kwa fedha zao za kuchangishana. Utaratibu huo ni wa haki, kwa sababu anayeomba fedha asigharimiwe maombi yake na yule anayeombwa.

Ugumu wa kuwashawishi wapiga kura unatokana na asili ya huduma yenyewe. Barabara huonekana na shule huonekana, lakini kikosi cha zimamoto kwa sehemu kubwa ya saa zake kinangoja. Mwananchi anayepita mbele ya kituo na kuona magari mekundu yamesimama huweza kudhani kwamba fedha zake zimekaa bure. Mitaa yetu mingi imekwisha kulielewa jambo hili katika ulinzi shirikishi: kila kaya hutoa mchango wa mwezi kwa walinzi wa usiku, na hakuna anayedai arudishiwe fedha kwa sababu mwezi huo hakuibiwa. Kinacholipiwa ni mtu aliye macho.

Kwa nini aliye macho awe karibu? Chumba cha kulala cha kawaida mjini kina godoro la sponji, mapazia, nguo, kabati la mbao laini na mara nyingi dari ya ubao mwembamba, na dirisha lake lina nondo za kuzuia wezi. Moto ukianzia kwenye soketi iliyopata shoti au kwenye mshumaa, moshi mzito hujaa juu na kushuka, joto hupanda, na ndani ya dakika tatu hadi tano chumba kizima kinaweza kushika moto kwa mara moja. Baada ya hapo anayekuja anaokoa vyumba vya jirani. Viwango vya Marekani kwa vikosi vya askari walioajiriwa vinataka gari la kwanza litumie dakika 4 barabarani tangu linapotoka kituoni. Hali ni hiyohiyo kwa mtu ambaye moyo wake umesimama, kwa kuwa ubongo huanza kudhurika baada ya dakika 4 hadi 6 bila hewa safi, ndiyo maana kodi hizi mara nyingi huunganisha zimamoto na magari ya wagonjwa chini ya paa moja.

Kila moto mkubwa unapotokea Dar es Salaam, lawama ya kwanza husikika kabla majivu hayajapoa: zimamoto wamekuja bila maji. Naomba lawama hiyo tuitazame kwa hesabu. Gari lenye tangi la lita 5,000, likifungua mpira mmoja unaotoa lita 500 kwa dakika, huishiwa baada ya dakika 10. Likifungua miwili, huishiwa baada ya dakika 5. Mtu aliyefika dakika ya kumi na mbili atawakuta askari wameshika mipira mikavu, na ataondoka akiamini kwamba walikuja hivyo. Hakuna gari linaloweza kubeba maji ya kuzima ghala au ghorofa linalowaka. Maji ya kazi hiyo hutoka kwenye mabomba ya zimamoto yaliyopandwa kando ya barabara, yenye msukumo wa kutosha, yasiyojengewa kibanda juu yake na yasiyofukiwa wakati wa kumwaga lami, na ambayo mtu fulani anayakagua kila baada ya muda na kuandika alichokikuta. Pale ambapo bomba halipo, gari huondoka kwenda kujaza na kurudi, likipita kwenye foleni ileile iliyolichelewesha mwanzoni. Kodi mahsusi hulipia mambo haya madogo yasiyopigwa picha wala kuzinduliwa na mgeni rasmi: valvu, ufunguo wa valvu, mafuta ya pampu, na mshahara wa mkaguzi.

Jiji hili lina sababu zake za kulitafakari jambo hili kwa uzito. Usiku wa Julai 10, 2021, Soko Kuu la Kariakoo liliungua, na wafanyabiashara waliofunga jioni wakiwa na mtaji waliamka hawana kitu. Soko hilo haliko mbali na kituo cha Faya cha Barabara ya Morogoro, jambo linaloonyesha kwamba ukaribu wa kituo peke yake hautoshi. Novemba 16, 2024, ghorofa liliporomoka Kariakoo hiyohiyo likiwa na watu ndani, na uokoaji ukaendelea kwa siku kadhaa. Katika saa za mwanzo, wananchi wa kawaida walishika nyundo na kupasua zege ili kuwafikia waliokuwa wakiita kutoka chini. Ujasiri wao haupaswi kusahaulika, lakini jiji la watu zaidi ya milioni tano linahitaji vifaa vya kunyanyua zege na kusikiliza pumzi vilivyo tayari katika kila wilaya, kuanzia Ilala na Kinondoni hadi Temeke, Ubungo na Kigamboni.

Kwa utaratibu wetu, vikosi vya zimamoto vilivyokuwa chini ya halmashauri viliunganishwa kwa Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007, na leo jeshi hilo liko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, namba yake ya dharura ikiwa 114. Linatoza ada za ukaguzi wa kinga na tahadhari za moto kwa wenye majengo ya biashara, lakini ada ya ukaguzi ni malipo ya huduma aliyopewa mtu mmoja. Mwenye duka hulipia ukaguzi wa duka lake. Hakuna aliyelipia bomba la mtaani.

Je, kodi mahsusi inawezekana hapa bila kubomoa mfumo uliopo? Kisheria njia ipo. Ibara ya 135 ya Katiba inaelekeza fedha za Serikali ziingie katika Mfuko Mkuu wa Hazina, lakini ibara hiyohiyo inaruhusu sheria kutenga fedha kwa shughuli maalumu au katika mfuko mwingine. Ndivyo tozo ya mafuta inavyoingia Mfuko wa Barabara ulioanzishwa mwaka 1998. Halmashauri nazo zinafahamu fungu lililofungwa: asilimia 10 ya mapato yao ya ndani hutengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa mgawanyo wa 4, 4 na 2. Sheria ikitaka, sehemu inayojulikana ya kodi ya majengo inaweza kufungwa vivyo hivyo kwa zimamoto ya wilaya husika.

Chombo cha kukusanyia nacho kipo. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia ununuzi wa umeme. Tuchukue mfano wa kubuni wa wilaya yenye mita za umeme 100,000 zinazokatwa shilingi 500 za zimamoto kila mwezi: zitapatikana shilingi milioni 50 kwa mwezi, yaani milioni 600 kwa mwaka. Fedha hizo haziwezi kujenga jeshi zima, lakini zinaweza kulipia mabomba ya barabarani, matengenezo ya magari na mafunzo ya vijana wa kila mtaa. Mafunzo hayo si jambo la kubeza, kwani hata Marekani karibu theluthi mbili ya wazimamoto ni watu wa kujitolea.

Yapo mapingamizi, na mengine yana uzito. Kodi inayokatwa kwenye umeme humwangukia mpangaji anayenunua umeme wakati sheria inamtaja mwenye jengo, na kuongeza mzigo juu ya dosari hiyo bila kuirekebisha kungekuwa dhuluma. Ghorofa lenye maduka kumi halipaswi kulipa sawa na chumba na sebule cha Manzese. Kuna pia kumbukumbu ya tozo ya miamala ya simu iliyoanza Julai 2021 na kupunguzwa muda mfupi baadaye kutokana na malalamiko ya wananchi. Wengi walioilalamikia hawakupinga shule wala vituo vya afya. Walichokosa ni uwezo wa kuona shilingi yao imeishia wapi. Kodi ya zimamoto isiyotaja kiwango, eneo, muda wake wa kuisha na siku ya kusomwa kwa hesabu zake mbele ya wakazi nisingeiunga mkono hata mimi. Ikiyataja hayo yote, sioni hoja nzito ya kuikataa. Hoja ya nafuu ya bima, ambayo hutumika sana Marekani kwa kuwa kampuni za bima huko hutazama daraja la kikosi cha eneo kuanzia 1 lililo bora hadi 10, haina nguvu kubwa kwetu kwa sababu nyumba nyingi hazina bima. Nasi kwa sababu hiyohiyo tuna haja kubwa zaidi ya moto kuzimwa mapema: nyumba ikiteketea, hakuna atakayeilipa.

Kabla sheria ya namna hiyo haijatungwa, mkazi anaweza kuibana halmashauri yake kwa yaliyo ndani ya uwezo wake. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na mabaraza ya madiwani hujadili makisio miezi kadhaa kabla ya hapo. Katika mkutano wa mtaa inafaa kumuuliza diwani ni njia zipi zitapanuliwa ili gari la zimamoto lipite, mabomba mangapi ya barabarani katika kata yanatoa maji, na ni kiwanja gani kimetengwa kwa ajili ya kituo. Mimi ningeanza na kiwanja, kwa sababu gari linaweza kununuliwa mwaka wowote fedha zikipatikana, lakini eneo la wazi kando ya barabara kubwa, katika kata iliyokwisha kujengwa, halipatikani tena isipokuwa kwa kubomoa nyumba za watu na kuwalipa fidia.